Dirishani Haulizwi Mtu Kama Atarudi

Barua tatu za safari hii zimetoka Malindi na Lamu, na zote zinahusu viza ya ukaazi wa kudumu Marekani kwa watu wenye taaluma. Nimezifupisha, na majina ya walioandika nimeyahifadhi.

SWALI: Assalamu alaykum, Bi Wakili. Mimi ni muuguzi mwenye diploma ya KMTC, na kwa miaka 9 nimefanya kazi katika wodi ya wazazi, mitano ya mwisho ikiwa hapa Malindi. Nilifaulu mtihani wa NCLEX-RN, ule wa leseni ya uuguzi ya Marekani, nikapata mwajiri huko, naye akaniombea ukaazi wa kudumu kwa njia ya EB-3, yaani ile ya wafanyakazi wanaoombewa na waajiri. Sasa tumepokea barua ya ubalozi kwamba tufike Nairobi mwezi ujao kwa mahojiano, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili. Wakala aliyetujazia fomu ameniambia nibebe hatimiliki ya shamba la baba na niseme kwamba mkataba ukiisha nitarudi nyumbani, kwa kuwa wazungu hawampendi mtu anayekwenda moja kwa moja. Vilevile mume wangu aliwahi kunyimwa viza ya masomo mwaka 2016, lakini wakala amejaza kwamba hajawahi kunyimwa. Tena kitambulisho changu kinasema Fatuma na cheti cha kuzaliwa kinasema Fatma. Usingizi umeniruka. Nijiandae vipi? – Muuguzi, Barani, Malindi

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Nianze na hatimiliki ya shamba la baba: irudishe kabatini, usiende nayo Nairobi.

Wakala wako amekupa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Anayeomba viza ya matembezi au ya masomo hukutana na kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, ambacho humhesabu kila mwombaji kuwa ni mtu anayetaka kuhamia mpaka yeye mwenyewe athibitishe kinyume chake. Ndiyo maana watu wa mjini kwetu hubeba hati za mashamba, taarifa za benki, hata picha za harusi, ili waonyeshe kwamba wana cha kuwarudisha. Wewe hukuomba viza ya namna hiyo. Umeombewa viza ya mhamiaji, na msingi wake ni kwamba mwajiri anakupa kazi ya kudumu na ya muda kamili, nawe unakwenda kuishi huko. Ukisimama mbele ya afisa na kumwambia kwamba utarudi mkataba ukiisha, utakuwa umeyakanusha makaratasi yako mwenyewe, na yeye atabaki kujiuliza ni kipi cha kweli, kilichoandikwa au kilichosemwa. Ukiulizwa unakwenda kufanya nini, jibu kwamba unakwenda kufanya kazi ya uuguzi na kuishi huko pamoja na familia yako. Hakuna aibu katika jibu hilo, na ndilo alilolitarajia.

Anachokitafuta afisa ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, ingawa hukitafuta kwa makini. Anataka kujua kwamba wewe ndiwe mwenye makaratasi haya, kwamba kazi ile bado ipo na unaiweza, na kwamba hakuna jambo la kisheria, la afya au la polisi, linalokuzuia kuingia. Mengine yote, pamoja na ufasaha, ni nyongeza tu.

Kuhusu kuiweza kazi, nitakueleza lililotokea ofisini kwangu, kwa sababu naona hapa ndipo wauguzi wengi hujiharibia bila sababu. Alikuja kwangu muuguzi kama wewe, wa wodi ya wazazi, akitaka tufanye mazoezi. Nikamketisha upande wa pili wa meza, nikamuuliza kwa Kiingereza cha haraka: kazi yako ni nini hasa? Akavuta pumzi, akaanza kueleza kwamba tangu utotoni mwake ndoto yake imekuwa kuwahudumia wanadamu bila ubaguzi. Maneno yalikuwa mazuri, ila nilikwisha kuyasikia kwa wengine kabla yake, pengine kwa mpangilio uleule, maana wote hujifunza kwenye video zilezile. Nikamkatiza, nikamuuliza zamu yake ya mwisho ilikuwa lini. Akasema juzi, ya usiku. Nikamwambia anisimulie.

Basi akanisimulia habari za mama wa uzazi wa nne, aliyeanza kutokwa na damu dakika chache baada ya kondo la nyuma kutoka. Jinsi alivyougusa mji wa mimba akaukuta umelegea, akausugua kwa mkono mmoja huku akimwita mwenzake alete oksitosini, wakatundika dripu ya pili, kisha akatia mpira wa mkojo kwa sababu kibofu kilichojaa huuzuia mji wa mimba kujikaza. Alipokuwa akisema hayo, mkono wake wa kulia ulikuwa unazunguka juu ya meza yangu, juu ya faili zangu, pole pole na kwa nguvu, na yeye mwenyewe hakujua kwamba unazunguka. Kiingereza chake, kilichokuwa kikikwama katika ile hotuba ya ndoto, hakikukwama tena hata mara moja.

Kwa hiyo usikariri. Ukiulizwa kazi yako, taja wodi, taja wagonjwa wangapi huwa chini yako katika zamu moja, taja unayoyafanya kwa mikono yako, kisha nyamaza. Sentensi mbili au tatu zinatosha. Kisa kizima cha usiku ule kitunze, atakayekihitaji atakuomba.

Kuhusu mwajiri, jambo linalowakwaza wengi ni tofauti kati ya aliyekuombea na mahali utakapofanyia kazi. Wauguzi wengi wa Kenya huajiriwa na kampuni inayowapeleka hospitalini, na katika hali hiyo mwajiri aliyetajwa katika ombi la I-140, yaani lile ombi la mwajiri kwa ajili yako, ni kampuni, si hospitali. Ukiulizwa mwajiri wako ni nani ukataja hospitali, umetoa jibu lisilolingana na faili hata kama hukukusudia kudanganya. Lifungue ombi lenyewe, utazame jina lililoandikwa, mji, malipo ya saa, na cheo cha kazi; kisha mwombe mwajiri barua mpya, yenye tarehe ya karibuni na sahihi, inayosema kwamba nafasi yako bado ipo kwa masharti yale yale. Maombi haya huchukua muda mrefu, kwa kuwa tarehe za foleni ya viza zinazotangazwa kila mwezi na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani husonga mbele na mara nyingine hurudi nyuma, na katikati ya kungoja huko kuna waajiri waliobadilisha hali. Afisa anajua hivyo, ndiyo maana atauliza.

Usisahau cheti cha VisaScreen, kinachothibitisha elimu, leseni na Kiingereza cha muuguzi, na kinachotolewa na shirika la CGFNS, ambalo siku hizi linajiita TruMerit. Muuguzi aliyesomea Kenya hapewi viza ya aina hii bila cheti hicho, hata kama kila kitu kingine kimenyooka. Kina uhai wa miaka 5, basi itazame tarehe yake leo hii, usingoje kuitazama ukiwa kwenye foleni. Na kwa kuwa ili kukipata umekwisha kufanya mtihani wa Kiingereza, jibu maswali kwa Kiingereza. Neno likikupotea, mwombe afisa arudie swali, jambo ambalo halimkasirishi mtu yeyote.

Sasa nije kwenye lile lililo zito kuliko yote uliyoyaandika, nalo ni viza ya mume wako ya mwaka 2016.

Kunyimwa viza si kosa. Kuficha kwamba ulinyimwa ndiko kosa, na katika sheria yao kosa hilo limewekewa adhabu kali: mtu aliyedanganya kwa makusudi kuhusu jambo la msingi ili apate viza huzuiwa kuingia maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha maalumu ambao njia yake ni nyembamba mno. Afisa akifungua jina la mume wako, rekodi ya mwaka 2016 itakuwa mbele yake pamoja na tarehe na sababu ya kukataliwa. Linaloniumiza ni kwamba jambo lenyewe lililofichwa halina madhara. Kwa kawaida anayenyimwa viza ya masomo hunyimwa kwa kushindwa kuonyesha kwamba atarudi, na safari hii hakuna anayemtaka aonyeshe hivyo. Wakala ameficha kitu kisichodhuru, na kwa kukificha amekigeuza kuwa kitu kinachodhuru.

Fanyeni hivi. Leo au kesho, andikeni kwa ubalozi kwa njia iliyotajwa katika barua ya mahojiano, mkieleza kwamba katika fomu ya DS-260 ya mume, yaani ile ya kuomba viza ya mhamiaji, kuna jibu lisilo sahihi, mkitaja swali lenyewe na jibu lililo sahihi, na mkiomba fomu ifunguliwe ili irekebishwe. Tunzeni nakala ya mlichokituma. Siku ya mahojiano ikifika kabla hamjajibiwa, mume wako aliseme jambo hilo yeye mwenyewe mwanzoni, kabla ya kuulizwa. Kuna tofauti kubwa, kisheria na kiutu, kati ya aliyejisahihisha na aliyenaswa. Wala asipoteze dakika akimlaumu wakala. Fomu ile imetiwa sahihi kwa jina la mume wako, na ndani yake kuna swali linalouliza kama kuna mtu aliyesaidia kuijaza. Tazameni na hilo limejibiwaje, kwa sababu mawakala wengi hujiandika hawapo. Nimeliona hilo mara nyingi mno.

Baada ya hapo zichapisheni fomu zote nne. Mzitandaze mkekani watoto wakiisha lala, mmoja asome swali, mwingine ajibu bila kutazama, kisha mlinganishe. Mtashangaa. Mwezi ulioanza kazi, anwani ya nyumba mliyopanga mwaka wa kwanza wa ndoa, tarehe ya kuzaliwa ya baba mkwe, yote hayo yameandikwa na mtu mwingine kwa haraka huku mkiwa mmesimama nyuma ya kiti chake. Mkikuta kosa jingine, liongezeni katika barua ileile ya marekebisho. Na ikiwa mmoja wenu amewahi kukaa nchi nyingine kwa miezi 12 au zaidi akiwa na umri wa miaka 16 na kuendelea, kwa mfano kazini Doha, atatakiwa kuleta cheti cha polisi cha huko, mbali na kile cha alama za vidole cha DCI mlichokiomba kupitia eCitizen.

Fatuma na Fatma nisikutie wasiwasi nalo. Huku pwani jina moja huandikwa kwa kadiri ya karani aliyekuwa zamu siku hiyo, na ndiyo maana nyumba moja ina Athman, Athumani na Othman, wote wajukuu wa mzee mmoja. Nenda kwa wakili au kamishna wa viapo, uandikishe hati ya kiapo inayosema kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, nayo itaje nambari ya kitambulisho, ya pasipoti na ya cheti cha kuzaliwa. Ambatanisha cheti cha KMTC na usajili wa Baraza la Wauguzi la Kenya ili ionekane jina limesafiri vipi tangu shuleni. Cheti cha nikaha nacho kiwe kile kilichosajiliwa, si karatasi ya sheikh wa mtaa peke yake. Na kama cheti chako cha kuzaliwa kilitolewa ukiwa mtu mzima, kama ilivyo kwa wengi waliozaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga, beba pia kadi ya kliniki ikiwa bado ipo, cheti cha kumaliza shule ya msingi, na vitambulisho vya wazazi.

Uchunguzi wa afya hufanywa kabla ya mahojiano, tena kwa madaktari walioteuliwa na ubalozi tu. Picha ya kifua uliyopigwa na wenzako kazini haihesabiki, hata iwe nzuri vipi. Wewe umefanya kazi hospitalini miaka 9, na unajua mwenyewe umekoholewa na wangapi. Picha ikionyesha kovu, watakutaka utoe makohozi kwa siku tatu na wayaoteshe maabara, na matokeo yake yanaweza kuchukua hadi wiki 8. Huko si kukataliwa, ila kunaweza kuipita tarehe ya mahojiano. Kwa hiyo piga simu kuomba nafasi mara tu usomapo haya. Beba kadi za chanjo zote, za watoto na zako mwenyewe, kwa kuwa chanjo isiyo na ushahidi hurudiwa nanyi ndio mtakaoilipia.

Siku yenyewe haina mengi. Fikeni Nairobi angalau siku moja kabla; basi la usiku kutoka Malindi, upitie Mombasa, kisha ushuke alfajiri na kwenda Gigiri ukiwa na watoto waliolala vibaya, ni mateso ambayo hayana haja. Ubalozi uko katika barabara ya United Nations Avenue, na simu haziruhusiwi ndani, basi makaratasi yote yawe ya kushika mkononi, asili upande mmoja na nakala upande wa pili, kwa utaratibu ule ule ulioandikwa katika barua. Mtachukuliwa alama za vidole, mtainua mkono wa kulia na kuapa kwamba mtasema kweli, na mtahojiwa kwenye dirisha la kioo mkiwa mmesimama. Wengi hungoja chumba, meza na kiti, na dirisha huwashtua. Wa dirisha la pili anaweza kukusikia, nawe utamsikia. Usimsikilize, kisa chake si chako.

Mara nyingi maswali huisha kwa dakika chache, kiasi kwamba mtu hutoka akidhani ameharibu. Ukipewa karatasi yenye kifungu cha 221(g), soma iliyotiwa alama: yaweza kuwa wanataka hati moja iliyokosekana, au wanataka muda wa kuchunguza zaidi. Kwa lugha ya sheria huitwa kukataliwa, na neno hilo limewaliza watu pale nje ya lango, lakini faili huendelea mara hati inapoletwa.

SWALI: Bi Wakili, mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, ninaishi Langoni, Lamu. Ombi langu la ukaazi wa kudumu Marekani limefika hatua ya kujaza fomu za viza. Nina wake wawili kwa nikaha halali na watoto 5. Rafiki yangu amenishauri nimwandike mke wa kwanza tu, nikihojiwa ninyamaze kuhusu wa pili. Je, ni sawa? – Baba wa Watano, Lamu

JIBU: Ndugu yangu, si sawa, na kunyamaza huko ndiko kutakakokuponza.

Kwa sheria ya Kenya hujakosa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu pamoja na uwezekano wa mume kuoa zaidi ya mmoja. Marekani nako mambo ni mengine: humtambua mke mmoja tu, yaani yule wa ndoa ya kwanza iliyo halali na ambayo haijavunjika, na anayekwenda kuishi huko kwa ndoa ya wake wengi hazuiwi kwa desturi tu bali kwa kifungu cha sheria kinachomnyima viza ya mhamiaji. Fomu inauliza jambo hilo waziwazi, na inakutaka uwaandike watoto wote, wanaosafiri na wasiosafiri.

Na hapo ndipo ushauri wa rafiki yako unapobomoka. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wako vina majina ya mama zao. Afisa atavipanga vitano mbele yake, ataona, tuseme, jina la mama mmoja kwenye vitatu na la mwingine kwenye viwili, na atatazama tarehe. Kama mtoto wa huyu amezaliwa mwaka mmoja na mtoto wa yule, basi hana haja ya kukuuliza. Atakuuliza tu ili akusikie utasemaje. Ukiwaacha watoto wa mke wa pili nje ya fomu ili kuuficha ukweli wa jambo, umewafungia mlango watoto wasio na hatia, kwa kuwa siku utakapotaka kuwaombea utaulizwa walikuwa wapi wakati ule.

Najua pia ushauri wa pili unaokuja baada ya huu, nao ni talaka ya karatasi: mwanamke aandikiwe, nyumba zote mbili ziendelee kama zilivyo. Mimi sitakuandalia hati ya namna hiyo. Ni udanganyifu mbele ya sheria yao, na mbele ya mke wako ni jambo baya zaidi, maana yeye atabaki Lamu bila kujua kama yumo katika ndoa au katika eda.

Linalobaki ni gumu na sina njia ya kulilainisha. Kabla ya kulipa ile ada ya viza ya dola 345 kwa kila kichwa, keti na wake zako wote wawili, kwa uwazi, pamoja na wazee ikibidi. Kisha mtafute wakili wa uhamiaji mwenye leseni ya Marekani umweleze hali nzima kama ilivyo, maana hapa ndipo elimu yangu ya sheria za Kenya inapokoma. Jibu lake laweza kuwa kwamba mlango huu si wako, na heri ulisikie hapo ulipo, kabla ya kuvuka Mokowe na familia nusu na deni la tiketi.

SWALI: Mke wangu ni muuguzi na viza zetu zimekubaliwa. Likizo yake haijatoka. Naweza kutangulia mimi nikatafute nyumba na shule ya watoto? – Mume, Shela, Malindi

JIBU: Huwezi, kaka. Viza yako imetokana na ya mke wako, kwa hiyo ni lazima yeye aingie kwanza, au muingie pamoja. Kinyume chake, yeye anaweza kutangulia nanyi mkamfuata, alimradi viza zenu hazijaisha. Tazama tarehe iliyochapishwa kwenye viza yenyewe, kwa kuwa miezi 6 ndiyo kiasi cha kawaida cha juu, na mara nyingi hupungua kwa sababu hufuata tarehe ya uchunguzi wa afya. Kila mmoja wenu, watoto wakiwemo, alipiwe dola 235 za USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, kwa njia ya mtandao kabla ya kupanda ndege. Kadi zenyewe za ukaazi hutumwa kwa posta baadaye, katika anwani mtakayoithibitisha wakati wa kuingia, basi ikiwa bado hamna nyumba, mkubaliane na mwajiri mapema ni anwani gani mtakayoitumia, na nani atakayekuwa akifungua sanduku hilo la barua.